Laptop ya Kubeba na Mtoto Mgongoni

Old Moshi,
14 Aprili 2024

Kaka yangu mpendwa Praygod,

Shikamoo. Nisamehe sana kwa kukaa kimya tangu Januari. Si kwamba nilikusahau. Rachel anaota meno, masika imeingia kwa hasira, na kila nikishika kalamu ama mtoto analia ama maji yanaingia jikoni. Barua hii nimeianza mara tatu. Ile ya kwanza Rachel aliila.

Sisi wazima. Mama mzima, goti linamsumbua mvua ikinyesha ila hakubali, anasema ni baridi tu. Ng'ombe amezaa ndama jike na Mama amempa jina Pamela kwa heshima ya mkeo. Usimwambie kabla hujajua atalipokeaje. Mume wangu Tito yuko Kahe kwenye mahindi, maana wageni wa mlimani mwezi huu ni wachache na wapagazi kama yeye wamekaa tu. Pamela mwenyewe na watoto hawajambo?

Najua utashangaa kuona karatasi siku hizi. Ni kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, halafu "poa mdogo wangu, niko kazini", na simu imekatwa. Kwenye grupu la ukoo nako siwezi, kila ninachoandika shangazi Beatrice anakijibu kwa sala. Basi nakuandikia, namkabidhi konda wa basi, na safari hii utanisikia mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni hili. Karani wa chama chetu cha msingi cha kahawa amehamia Arusha. Mwenyekiti, Mzee Ebenezeri, aliniita baada ya ibada akaniuliza kama bado naikumbuka ile kozi ya kompyuta niliyosoma mjini. Nikasema naikumbuka. Akasema, "Basi mama Rachel, kazi ipo. Ila mashine ya chama iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu. Anayetaka ukarani aje na yake." Mwingine anayeitaka ni Primus, mpwa wa mweka hazina. Primus hajui kutengeneza jedwali, lakini laptop anayo, na anatembea nayo kwapani kama askari na bunduki.

Kaka, kazi hii naitaka. Nikikaa mwaka mwingine nikihesabu mawingu nisijue Tito atashuka lini mlimani, nitakuwa mtu mkali kwa mwanangu, na sitaki kuwa huyo mtu.

Siku ya ubatizo wa Rachel ulisimama mbele ya wageni wote, mtori bado uko mdomoni, ukasema: "Siku dada yangu akipata kazi ya ofisi, laptop ni juu yangu." Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Siku yenyewe imefika, na kazi yako ni hizo hizo kompyuta zilizotumika, kununua na kuuza, kwa hiyo sikuombi kitu usichokijua.

Naomba iwe nyepesi. Dirisha la ofisi ya chama halina nondo, kwa hiyo nitashuka nayo asubuhi na kupanda nayo jioni, Rachel mgongoni, na njia yetu unaijua ilivyo ikinyesha. Betri idumu, maana umeme hapa ni mgeni, anakuja anapotaka. Kazi yake ni majina ya wanachama, kilo za kahawa, barua na mihtasari ya vikao. Na kitu kimoja kidogo, usinicheke: iweze kucheza lile gemu la kuendesha basi. Ni jepesi, halina makuu. Rachel akilala mchana nataka niendeshe basi langu mpaka mahali ambapo hakuna mtu ananiita.

Mjomba, Rachel anakusalimu kwa meno yake mawili.

Mdogo wako,
Kindness


Tabata, Dar es Salaam,
21 Mei 2024

Mama Rachel, mdogo wangu wa pekee,

Marahaba, marahaba. Barua yako ilikaa kwa konda, halafu ikakaa kwangu, kazi zilinibana. Huku joto limepungua. Watoto wazima, Junior amekuwa wa tano darasani, mwambie Mama afurahi. Pamela yupo. Ana mambo yake, lakini yupo.

Nimecheka sana. Yaani dada mzima, mama wa mtu, unataka kuendesha basi? Utafika wapi nalo, Himo? Lakini sawa, mimi siulizi. Umesema kazi na gemu, na umemwambia mtu sahihi. Watu wakija dukani wanaimba "nyepesi, nyepesi", nawauzia hivyo vikaratasi vyao, baada ya miezi sita wanarudi wanalia. Laptop nyepesi ni ya mtu wa kupigia picha kwenye mgahawa. Gemu linataka kadi ya grafiki, kadi inataka feni, feni inataka nafasi. Huo ni ukweli wa mashine, siyo maneno yangu.

Kwa hiyo usihangaike, nimeshakuchagulia. Inchi kumi na saba. RAM kumi na sita. Kibodi inawaka taa nyekundu, ukiona utadhani ni ndege inataka kupaa. Hapo Old Moshi hakuna mwenye nayo, na huyo Primus wako akiiona ataomba apige nayo picha. Nimeshaipandisha basi. Picha niliweka kwenye grupu, nadhani umeona watu walivyofurahi.

Jambo dogo tu: kuna folda imeandikwa LIGI. Hiyo usiifute wala usiiguse. Inaisaidia mashine.

Msalimie Mama, mwambie Krismasi nipo. Mwaka huu nitakaa siku nyingi.

Kaka yako,
Praygod


Old Moshi,
9 Juni 2024

Kaka Praygod,

Shikamoo. Hiyo nakupa kwa sababu ni haki yako, ulizaliwa kabla yangu. Mengine leo huna.

Mama mzima. Ndama mzima. Rachel amesimama peke yake akashika kiti, akaanguka, akasimama tena bila kulia. Tito amepanda na wageni. Sasa tuzungumze.

Ilifika. Nilienda kuichukua ofisi ya mizigo mjini nikidhani nitakuta kibegi. Mpakuaji akaniuliza, "Dada, umeagiza betri ya gari?" Niliiweka kwenye mizani ya kahawa: kilo tatu na robo. Na chaja peke yake karibu kilo nyingine. Chaja, Praygod! Hilo ni tofali lenye mkia. Nilipanda nalo mlima na Rachel mgongoni, matope yakinivuta viatu, na nilipofika nyumbani Mama ndiye aliyemnywesha mtoto uji, mimi nimekaa natazama. Tito kabla hajaondoka aliinyanyua kwa mkono mmoja akasema, "Hii kwenye geti la mlima wangeipima kama mzigo wa mgeni."

Mama alipoona zile herufi zinawaka nyekundu alirudi nyuma. "Zima, Kindness, itaunguza nyumba." Halafu feni ikaanza kuvuma, kuku wakatoka chini ya meza wote. Siku hizi ameikalisha juu ya kabati, ameifunika kitambaa chake cha kufuma, majirani wanakuja kuitazama na mimi napokea pongezi. Shangazi Beatrice kaandika kwenye grupu, "Mungu akuzidishie Praygod, ndugu wa namna yako ni wachache," na ukoo mzima umeweka mikono ya sala. Nitasema nini mimi? Nikisema haifai nimekuwa dada asiye na shukrani mpaka kwa watu ambao hatujawahi kuonana. Umenifunga mdomo kwa zawadi.

Jumatano nilishuka nayo ofisini. Mzee Ebenezeri alikuwepo, mweka hazina alikuwepo, Primus naye alikuja kutazama kama mtu aliyealikwa. Nikafungua jedwali, nikaanza kuingiza majina. Umeme ukakatika. Nikajisemea betri ipo. Betri ikaandika dakika arobaini, kumbe inanidanganya, kioo kikawa cheusi sijamaliza hata ukurasa wa kwanza wa rejista. Primus akasema, "Mama Rachel, hiyo ni laptop au ni pasi ya umeme?" Wakacheka. Mzee Ebenezeri hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilisema nyepesi. Niliandika kwa mkono wangu, kwa wino, nyepesi! Nikasema betri. Nikakwambia mtoto atakuwa mgongoni. Wewe ulisoma nini? Uliona neno gemu ukaruka mengine yote kama mbuzi anavyoruka ua wa watu.

Na kuna swali moja unijibu. Nilipoiwasha mara ya kwanza iliandika: Karibu tena, Praygod.

Tena?

Kindness


Tabata,
20 Juni 2024

Kindness,

Barua yako haikunisalimia tu, ilinipiga. Shukrani ya punda ni mateke. Nilikuwa naisikia tu, sasa nimeletewa na basi.

Mashine hiyo watu hapa wanailia. Ukiichomeka kwenye umeme ni simba. Waambie chama waweke nondo dirishani uiache huko huko, tatizo liko wapi? Au mwambie Tito akubebee, si ndiyo kazi yake?

"Karibu tena" ni kwa sababu niliitayarisha mimi. Fundi lazima aweke jina.

Ulitaka gemu au hukutaka? Gemu lako linakimbia au halikimbii? Basi.

LIGI usiifute.

Praygod


Old Moshi,
14 Julai 2024

Kaka,

Shikamoo. Mama anakusalimu, Rachel anatembea sasa akishika ukuta, na ukuta ukiisha anakaa chini kwa heshima. Kahawa ni nzuri mwaka huu. Chama kilifungua mizani wiki iliyopita na watu wanaleta magunia.

"Mwambie Tito akubebee, si ndiyo kazi yake." Sentensi hiyo nimeisoma, nikaikunja, nikaifungua nikaisoma tena. Ndiyo, ni kazi yake. Amebeba mahema ya watu mpaka mahali pasipoota hata jani, ndipo Rachel akapata bima na mimi nikapata paa lisilovuja chumbani. Ifute hiyo sentensi moyoni mwako kabla hujaja kula chakula mezani kwake. Sitairudia.

Sasa nikupe habari. Jumapili Pamela alimpigia Mama simu kuuliza hali ya ndama wake, maana jina amelipenda. Wakacheka pale. Halafu Mama, asiyejua kitu, akamshukuru kwa laptop. Mama alikuwa ameweka spika kwa sababu ya masikio yake, kwa hiyo jibu la Pamela nililisikia mwenyewe, sikuhadithiwa: "Laptop gani, Mama? Mimi nilimwambia baba Junior achague, itoke ile mashine humu ndani au nitoke mimi na watoto wangu. Maana akitoka kazini ni gemu la mpira, watoto wakimsemesha anajibu 'subiri kona hii'. Akaniambia ameiuza."

Kumbe.

Kwa hiyo hukunichagulia laptop. Ulikuwa na mashine imefukuzwa nyumbani kwako, ukatafuta pa kuificha, ukaona mgongo wangu! Ukaipiga picha nzuri, ukachukua sala za shangazi Beatrice mchana kweupe. Na "Krismasi nitakaa siku nyingi". Sasa najua utakaa siku nyingi ukifanya nini. Mtu anakuja kuona mama yake, kumbe anakuja kuona mpira wake.

LIGI nimeifungua. Timu yenyewe umeiita Old Moshi United, na mshambuliaji umemwita Praygod, na amefunga magoli kuliko mtu yeyote duniani. Hongera. Imejaza mashine mpaka programu ya ofisi ikanikatalia kuingia, ikabidi nifute picha zako za harusi, ambazo nakala zake ninazo kwenye simu. Lakini LIGI yenyewe sijaifuta. Unajua kwa nini? Kwa sababu mtu akijenga kitu taratibu akakipenda, hata kiwe upuuzi, hakibomolewi na mwingine kwa kubonyeza.

Na usiniletee tena hilo la "ulitaka gemu". Ndiyo, nilitaka, na sioni haya. Wanaume wa hapa wanacheza drafti pale dukani kwa Basili tangu asubuhi, hakuna anayewauliza wana watoto wangapi. Mimi nataka nusu saa. Na gemu la basi halihitaji tanuru. Nililicheza kwenye kompyuta ya usharika, ile iliyopoteza herufi S, na nilifika nilikokwenda. Wewe unauza mashine, unalijua hilo kuliko mimi. Gemu langu umelifanya kisingizio chako.

Kazi nimepewa kwa majaribio, na ninaifanya hivi. Mchana nakaa kwenye mashine ya kusaga ya Mzee Sirili, kwa sababu yeye ana jenereta. Nachomeka lile tofali, naingiza kilo za watu huku mahindi yanasagwa kichwani kwangu, na Rachel anarudi nyumbani mweupe kama mzuka. Mzee Ebenezeri alinikuta pale. Akasimama, akatazama hesabu, akasema, "Mama Rachel, hesabu zako ni safi. Lakini siwezi kuiambia kamati karani wetu anapatikana kwenye pumba." Kamati inakaa tarehe 31 Agosti kumchagua wa kudumu. Primus amejifunza jedwali. Anajifunza kwa kunitazama mimi.

Nataka jibu, na nalitaka kwa maandishi.

Kindness


Tabata,
6 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Ndani ya bahasha kuna sale. Fundo nimelifunga mwenyewe. Wewe ni mtu wa kwetu, unajua jani hilo likifungwa fundo linaomba msamaha na unajua halikataliwi.

Pamela amezungumza na mimi. Sitaki kuandika alichosema.

Nakuomba jambo moja, usiirudishe huku mashine kwa sasa. Vumilia nayo mpaka Krismasi, nikija nitajua la kufanya. Kamati ni watu, ukiwaeleza wataelewa.

Sale usimwonyeshe Mama.

Msalimie Tito. Ile sentensi nimeifuta.

Praygod


Old Moshi,
18 Agosti 2024

Kaka yangu Praygod,

Shikamoo. Tito ameshuka salama, ukucha mmoja wa mguu umekuwa mweusi, anasema ni viatu. Salamu zako nimempa. Ameshukuru, amesema aika, kisha akaendelea kula kiburu chake, kwa hiyo ujue yameisha. Rachel ameachana na ukuta.

Sale limefika. Nimemwonyesha Mama, ndiyo, kwa sababu sale haliletwi kwa kujificha, na wewe hukulelewa Ulaya. Baba alipogombana na baba mdogo juu ya mfereji, sale lililetwaje? Lilibebwa na mtu mzima mwenye heshima zake, akapanda kwa miguu, akasimama uani mpaka akakaribishwa. Wewe la kwako umelipandisha basi! Ndani ya bahasha ya kaki iliyoandikwa "usikunje", nalo limekunjwa.

Halafu sale lenyewe, kaka. Lina mistari ya njano. Mama alivaa miwani, akaligeuza huku na huku, akasema, "Hili halijatoka kwenye migomba ya kihamba cha mtu. Hili limekatwa kwenye chungu cha maua mbele ya benki." Ni kweli au si kweli? Masale ya mpakani kwetu umeyapita utoto wako wote, ya kijani tupu, umekwenda kuiba la benki. Na mlinzi alikuwa anatazama wapi?

Tulicheka mpaka Mama akashika goti. Mimi nilitaka kulirudisha kwenye bahasha, sikufichi, nilikuwa bado nina hasira nzuri sana. Mama akanishika mkono. Akasema, "Fundo amelifunga vizuri. Amekaa chini akalifunga. Sale ni sale, Kindness."

Basi nimelipokea. Mambo ya picha kwenye grupu, mambo ya kunidanganya, na lile la Tito, nimeyaweka chini, na Krismasi hutayasikia mdomoni mwangu wala kwa utani. Hilo sale limelifanya.

Lakini usichanganye mambo. Sale linaomba msamaha, haliingizi majina ya wanachama kwenye jedwali. Baba mdogo baada ya kupokewa sale lake alishika jembe akauzibua mfereji, haukuzibuliwa na jani. Wewe umeleta jani na jembe umebaki nalo. Unaniambia nivumilie mpaka Krismasi. Kamati haikai Krismasi. Ukivumilia wewe utakosa mpira. Nikivumilia mimi nitakosa kazi, na ataipata mtu niliyemfundisha mwenyewe bila kupenda. Eti niwaeleze wataelewa. Niwaeleze nini, kwamba kaka yangu ana timu?

Kwa hiyo nimefanya hivi. Ijumaa nilinakili majedwali yote kwenye flashi, nikaifunga mashine yako kwa blanketi la zamani la Rachel na boksi la sabuni, nikaipeleka basi. LIGI iko ndani, nzima, Old Moshi United bado inaongoza. Mpokeaji nimeandika Pamela.

Usishtuke. Nilimpigia kwanza, na yeye hanikatizi. Tumekubaliana haitalala Tabata. Kutoka ofisi ya mizigo inakwenda moja kwa moja dukani kwenu, na atakaa pale wewe ukitafuta mtu wa kubadilishana naye. Uliandika mwenyewe kwamba watu wanailia, basi mpe mmoja wao anyamaze, atupe nyepesi yake. Pamela amesema atakuja na chakula cha mchana, hana haraka.

Sikutaka kukuaibisha kwa bosi wako wala kwa shangazi Beatrice. Kwenye grupu nimeandika tu kwamba laptop imerudi Dar kidogo kwa marekebisho, na wameshaiombea. Mpira wako kama unakuuma, uhamishe kwenye diski ya nje. Mashine yangu haitaweza kuucheza, nakwambia mapema usije ukanilaumu. Krismasi njoo, ukae hizo siku nyingi ulizoahidi. Mama ameanza kuulizia utalala kitanda gani, na Rachel anapenda mtu mwenye mikono mitupu, anambeba.

Ninachohitaji kitumwe, na kinifikie kabla ya Jumatano tarehe 28, ni hiki:

Laptop moja ya inchi kumi na nne, isiyozidi kilo moja na nusu. Iliyotumika sawa, iliyochoka hapana.

Betri iwe imepimwa hapo dukani, mbele ya Pamela, na initoe saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana bila kuchomekwa popote.

RAM nane. SSD ya mia mbili hamsini na sita. Kadi ya grafiki ya peke yake sitaki, usije ukaniwekea kwa kunionea huruma.

Herufi zilizokaa imara, zisizowaka rangi yoyote.

Chaja yake mwenyewe, ya kuingia mfukoni mwa gauni.

Programu ya ofisi iliyokwisha kuwekwa, na gemu la basi.

Kipanya kidogo cha waya. Kisicho na waya kina betri na Rachel ataimeza.

Begi la kuvaa kifuani, mkanda mpana.

Soksi za mtoto jozi mbili, saizi Pamela anaijua.

Picha ya laptop ikiwa juu ya mizani kabla hujafunga boksi, namba zionekane. Mizani yoyote, hata ya muuza nyama.

Kindness